Wakifungua 1 Bila Turufu: namna ya kuingilia mnada wa briji

Kwenye briji, karata za watu wanne wanaocheza wawili dhidi ya wawili, mtu akifungua mnada kwa 1 Bila Turufu, yaani ahadi ya kula mizunguko saba bila aina ya turufu (nitaandika 1BT), meza nyingi za huku kwetu hunyamaza. Anayefuata anasema pasi, mwenzake naye pasi, na wale wawili wanajipangia mambo yao bila bughudha mpaka wanafika wanakotaka. Ndivyo ilivyo Shangani, ndivyo ilivyo Mikindani, na wenzetu wa Lindi wakija hawana tofauti. Sababu inaeleweka. Wengi tumeingia kwenye briji tukitokea kwenye karata za turufu za kibarazani, ambako ukiwa huna nguvu unakaa kimya unasubiri mgawo ujao. Kwenye briji kimya hicho kina bei, na kwa kawaida mnailipa kidogo kidogo bila kujua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kuhesabu pointi na kufungua mnada, na aliyewahi kutumia Stayman (2 pau ya kumwuliza mfunguzi kama ana kopa au shupaza nne) na matamko ya kuhamisha (kutaja aina moja ili mwenzako ataje ile ya juu yake). Kama hayo bado, anza nayo kwanza, haya yatakusubiri.

Tukubaliane maneno kabla ya kuendelea, maana kila kijiwe kina yake. Aina nne za karata nitaziita shupaza, kopa, uru na pau. Shupaza na kopa ni aina kubwa, uru na pau ni aina ndogo. A ni ree, K ni mfalme, Q malkia, J ghulamu. Pointi zake ni 4, 3, 2 na 1, na pakiti nzima ya karata 52 ina pointi 40. Mkono ni zile karata 13 ulizoshika. Mkono sawia ni ule usio na aina ndefu sana wala aina iliyokosekana, kama 4-3-3-3 au 4-4-3-2. Mzunguko ni karata nne zilizochezwa mezani, moja kwa kila mchezaji. Ngazi ni namba iliyo kwenye tamko: ngazi ya kwanza inaahidi mizunguko saba kati ya 13, ya pili minane, na kuendelea. Tamko la mwisho la mnada ndilo mkataba, na gemu ni mkataba wenye zawadi kubwa, kama 3BT au 4 shupaza. Dabo ni tamko la kuuzidishia mkataba wa mpinzani adhabu akishindwa, na ridabo ni jibu la kuzidisha tena. Upande ulio “hatarini” ni ule ambao kwenye mgawo huo adhabu na zawadi zake zimepandishwa.

Hatua ya 1: elewa unaingilia nini

1BT ni tamko linalosema mengi kwa mara moja. Aliyefungua ameshamwambia mwenzake: mkono wangu ni sawia, na pointi zangu ziko kwenye kipande hiki cha pointi tatu. Kuanzia hapo mwenzake ndiye mwenye hesabu yote. Anajumlisha zake na za yule, anajua wakomee 1BT, waende 3BT, au wakupige dabo wewe uliyejitosa.

Hapo ndipo kuna faida na hatari kwa pamoja. Faida ni kwamba ukitaja 2 kitu, unawanyang'anya ngazi zao. Stayman yao ya 2 pau na matamko yao ya kuhamisha ya 2 uru na 2 kopa ama hayapo tena ama yamebadilika maana, na jozi nyingi hazijawahi kukaa chini kuzungumza watafanya nini yakitokea hayo. Hatari ni kwamba hakuna mnada ambao ni rahisi kukuadhibu kuliko huu. Mpinzani wa kulia au kushoto kwako hahitaji kubahatisha. Anajua upande wao una pointi ngapi.

Mnada wa korosho wa enzi za sanduku ulikuwa wa siri: mnunuzi anaandika bei, anaitumbukiza, na mwenzake haioni mpaka karatasi zifunguliwe mbele ya wakulima. Briji ni kinyume chake. Kila unachotaja kinasikika na wote watatu, na wapinzani wana haki ya kujua maana yake sawasawa na mwenzako. Kwa hiyo kabla ya kutaja jiulize nani kitamsaidia zaidi, mwenzako au wao.

Hatua ya 2: uliza 1BT yao ni ya pointi ngapi

Watu wanaruka hapa. Usiruke. Kuna 1BT nzito ya pointi 15 mpaka 17, iliyoenea kwa wanaocheza kwa mtindo wa Marekani na kwa wengi wanaocheza mtandaoni. Kuna 1BT nyepesi ya 12 mpaka 14, ya waliojifunza Acol, mfumo wa kunadi wa Waingereza. Ni tamko moja lenye maana mbili zinazotaka majibu tofauti kabisa.

Dhidi ya 1BT nzito, upande wako ni nadra kuwa na gemu. Tuseme mfunguzi ana 16. Zimebaki 24 kwa watu watatu. Hata wewe ukiwa na 12, mwenzako na mpinzani wa mwisho wanagawana 12. Unaingia kwa ajili ya kupigania mkataba mdogo na kuwasumbua. Kutafuta gemu si shabaha. Dhidi ya nyepesi mambo hubadilika: mfunguzi ana 13, zimebaki 27, na inawezekana kabisa nyinyi ndio wenye nguvu zaidi mezani. Hapo lazima mwe na tamko linalosema “nina mkono mkubwa”, na tamko hilo ni dabo ya adhabu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kuandika kwenye kadi yenu ya makubaliano: dhidi ya 1BT nyepesi, dabo ni ya adhabu, pointi 15 au zaidi, au aina ndefu nzuri unayoweza kuianzisha na kuila mfululizo. Mwenzako mwenye pointi chache na mkono sawia anakaa kimya. Anaondoka tu akiwa na mkono dhaifu wenye aina ndefu ya kukimbilia.

Hatua ya 3: tazama nani yuko hatarini, na ufanye hesabu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hasara nyingi za kuingilia hutokana na kusahau jambo hili kuliko na karata mbaya.

Wapinzani wakicheza 1BT wakala mizunguko saba, wanaandikiwa 90. Wakila minane, 120. Nyinyi mkicheza 2 kopa au 2 shupaza mkatimiza, mnaandikiwa 110. Mkipungukiwa mzunguko mmoja na hamko hatarini, mnatoa 50, na 50 ni nafuu kuliko 90 ambazo wangepata. Mkipungukiwa miwili mnatoa 100: mbaya kidogo kuliko 90, nzuri kidogo kuliko 120. Maana yake ni kwamba msipokuwa hatarini mnaweza kukosea kidogo na bado mkawa hamjapoteza chochote cha maana.

Mkiwa hatarini hesabu inageuka. Kupungukiwa mmoja ni 100. Kupungukiwa miwili ni 200, na 200 haina cha kulinganishwa nayo kwenye mkataba mdogo: hakuna chochote ambacho wangecheza chini ya gemu kwa kawaida kingewapa kiasi hicho. Wakikupiga dabo, mmoja tu ni 200 na miwili ni 500. Usipokuwa hatarini, mmoja wa dabo ni 100, miwili ni 300, mitatu ni 500.

Namna ninavyoitumia ni hii. Hatuko hatarini, naingia kwa mkono wenye umbo zuri hata kama pointi ni nane au tisa. Tuko hatarini, nataka umbo lile lile pamoja na karata za maana ndani ya aina zangu ndefu, na si pointi zilizotawanyika. Wao wakiwa hatarini na sisi hatuko, huo ndio wakati mtamu kuliko wote: gemu yao ya 3BT ina thamani ya 600, kwa hiyo hata kupungukiwa mitatu kwa dabo, 500, kunaweza kuwa biashara. Sisemi uitafute hasara hiyo. Nasema usiiogope.

Tofauti ya 90 na 110 inaonekana ndogo mkicheza wanne tu nyumbani. Kwenye mashindano ya jozi, ambako matokeo yenu yanalinganishwa na ya jozi nyingine zilizocheza karata zile zile, pointi hizo 20 ndizo zinazokupandisha au kukushusha.

Hatua ya 4: hesabu umbo kabla ya pointi

Tazama mikono hii miwili. 1BT nzito imefunguliwa kulia kwako, hakuna aliye hatarini.

Wa kwanza:
Shupaza K J 9 7 4
Kopa A Q 10 8 3
Uru 6
Pau 5 2

Wa pili:
Shupaza Q J 4
Kopa K J 3
Uru A 8 5 2
Pau K 9 4

Wa kwanza una pointi 10, wa pili una 14. Wa kwanza unaingia bila kupepesa macho. Wa pili ni pasi, na usijute. Mfunguzi ana 16 hivi, wewe 14, zimebaki 10 kwa wale wawili. Ukijitosa na mkono sawia hujui unakwenda wapi, na ukijilinda utakula mizunguko yako palepale bila kujihatarisha. Pointi zako zinafanya kazi nzuri zaidi ukiwa mlinzi.

Umbo la kuingilia ni aina mbili za 5-5, aina mbili za 5-4 zenye karata nzuri, au aina moja ya karata sita. Aina ya karata tano peke yake kwenye mkono wa 5-3-3-2 ndiyo mtego. Inaonekana ndefu, lakini mwenzako akiwa na mbili tu unacheza na turufu saba dhidi ya mtu mwenye pointi 16 nyuma au mbele yako.

Mfaransa Jean-René Vernes alieleza mwaka 1969 kanuni inayofaa kukaa kichwani: idadi ya turufu za upande wako inakuonyesha kwa takriban unaweza kupanda mpaka ngazi gani. Turufu nane, mizunguko minane, yaani ngazi ya pili. Ndiyo maana kazi yote ya kuingilia 1BT ni kutafuta aina ambayo nyinyi wawili mna karata nane.

Hatua ya 5: chagueni makubaliano

Yapo mengi kuliko yanavyohitajika. Nitaeleza manne, na nitasema wazi ninalolipenda.

Landy ndiyo ya kuanzia. Imepewa jina la Mmarekani Alvin Landy, na ukubwa wake wote unaingia kwenye sentensi moja: 2 pau maana yake nina shupaza na kopa. Mengine yote yanabaki ya kawaida: 2 uru ni uru, 2 kopa ni kopa, 2 shupaza ni shupaza, dabo ni adhabu. Unachopoteza ni uwezo wa kutaja 2 pau kwa pau halisi, na huko si kupoteza sana, kwa sababu 2 pau haimzuii mtu.

Uzuri wa kuonyesha aina mbili kubwa kwa pamoja unaonekana ukihesabu. Una 5-5 katika shupaza na kopa. Ili mwenzako asiwe na karata tatu hata katika moja ya hizo, lazima awe na mbili-mbili au chini ya hapo, yaani ashike karata tisa au zaidi za uru na pau. Hilo hutokea mara chache. Hata ukiwa na 5-4, ili mkose turufu nane anatakiwa kushika karata nane au zaidi za aina ndogo. Landy inakupa turufu nane mara nyingi kuliko tamko lolote jingine, na unazipata kwenye aina ambazo zinalipa 110.

Multi-Landy ni hatua inayofuata, na ndiyo ninayoipendekeza kwa jozi iliyokaa pamoja kwa muda. 2 pau bado ni shupaza na kopa. 2 uru ni aina moja kubwa yenye karata sita, bila kusema ni ipi. 2 kopa ni karata tano za kopa na nne au zaidi za aina ndogo moja. 2 shupaza ni vivyo hivyo kwa shupaza. 2BT ni uru na pau zote. Dhidi ya 1BT nyepesi dabo inabaki adhabu. Dhidi ya nzito, jozi nyingine huitumia dabo kuonyesha karata nne za aina kubwa na aina ndogo ndefu zaidi. Msiiongeze mpaka mengine yamekaa kichwani.

DONT ya Marty Bergen ina wapenzi wengi, na jina lake lenyewe linatangaza nia ya kuvuruga 1BT ya wapinzani. Dabo ni aina moja ndefu isiyotajwa, na mwenzako anajibu 2 pau ili uitaje. 2 pau ni pau na aina nyingine ya juu yake. 2 uru ni uru na aina kubwa moja. 2 kopa ni kopa na shupaza. 2 shupaza ni shupaza peke yake, dhaifu kuliko ukianza na dabo. Inakuwezesha kuingia na karibu kila mkono wenye umbo. Lakini umeiuza dabo ya adhabu, kwa hiyo dhidi ya 1BT nyepesi ni kujifunga mikono. Itumieni dhidi ya nzito tu, kama mnaipenda.

Cappelletti, ambayo wengine huiita Hamilton, imeenea sana Marekani: 2 pau ni aina moja yoyote, 2 uru ni aina mbili kubwa, 2 kopa na 2 shupaza ni aina hiyo pamoja na ndogo moja, 2BT ni aina mbili ndogo, dabo ni adhabu. Mimi siipendi. Ukiwa na karata sita za shupaza unasema 2 pau, na mpinzani anapata nafasi ya bure ya kuongea kabla mwenzako hajajua una nini. Mkono wa shupaza ndefu ndio uliotakiwa kuwafungia mlango mapema. Lakini ukikaa mtandaoni na mtu usiyemjua, huenda hii ndiyo atakayoitaja, basi ijue.

Meckwell na nyinginezo ziacheni kwa sasa.

Hatua ya 6: jifunzeni kujibu

Wengi hujifunza tamko la kuingilia na kuacha hapo. Halafu mwenzake anasema 2 pau, mpinzani anapita, na yeye anatoa macho.

Mwenzako amesema 2 pau ya Landy, yaani shupaza na kopa. Una karata tatu au zaidi katika moja, na hapo moja ni ndefu kuliko nyingine: itaje kwa ngazi ya pili. Hata ukiwa na pointi sifuri. Hata ukiwa na pointi sifuri, narudia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopita kwa woga na kumwacha mwenzao acheze pau akiwa na karata mbili za pau.

Aina zote mbili zinalingana urefu? Sema 2 uru. Haina uhusiano na uru. Inamwambia mwenzako “taja iliyo ndefu kwako”. Mfano:

Shupaza 8 5
Kopa J 6
Uru K 10 7 4
Pau Q 9 6 5 3

Kwa mkono huu ukibahatisha 2 kopa, na mwenzako ana shupaza tano na kopa nne, umempa turufu sita. Ukisema 2 uru atataja 2 shupaza na mna saba. Si nyingi, lakini saba si sita. Pasi kwenye 2 pau inahitaji pau sita au zaidi na uhaba wa aina kubwa zote mbili.

Ukiwa na mkono mzuri, ruka. Mfano:

Shupaza Q 10 8 3
Kopa K 5
Uru 9 7 4 2
Pau A 8 6

Pointi tisa tu, lakini mfalme wa kopa na malkia wa shupaza ziko ndani ya aina za mwenzako, na shupaza ni nne. Taja 3 shupaza: ni mwaliko, akiwa na mkono mzuri aende nne. Kwa mkono mkubwa zaidi ambao hujui pa kuupeleka, 2BT ni swali: “una nguvu kiasi gani, na umbo gani?”

Kwenye Multi-Landy, mwenzako akisema 2 uru (aina moja kubwa), jibu la kawaida ni 2 kopa: ikiwa ni kopa yeye atapita, ikiwa ni shupaza atataja 2 shupaza. Ukisema 2 shupaza wewe, unamaanisha kwamba kopa zako ni nzuri. Akiwa na shupaza abaki hapo, akiwa na kopa apande 3 kopa. Akisema 2 kopa au 2 shupaza na huna hiyo aina kubwa, 3 pau inamaanisha “nipe aina yako ndogo”: anapita ikiwa ni pau, anataja 3 uru ikiwa ni uru. Lakini ukiwa na karata mbili za aina yake kubwa, fikiri kabla ya kupanda. Turufu saba kwenye ngazi ya pili mara nyingi ni salama kuliko kujipeleka ya tatu.

Hatua ya 7: wakikupiga dabo

Zungumzeni hili kabla ya kukaa mezani. Mwenzako kasema 2 pau ya Landy, mpinzani kapiga dabo. Ninavyopendekeza: ridabo ina maana ya “chagua wewe iliyo ndefu”, pasi ina maana nina pau za kutosha kucheza hapa, 2 uru sasa ni uru halisi na ndefu, na 2 kopa au 2 shupaza ni chaguo langu. Jozi nyingine hupanga tofauti, na hakuna ubaya. Ubaya ni mmoja kudhani pasi ni ya kuomba msaada na mwingine kudhani ni ya kubaki.

Hatua ya 8: kiti cha mwisho

1BT imefunguliwa kushoto kwako, mwenzako pasi, mpinzani wa kulia pasi, zamu yako. Ukipita mnada umekwisha. Sasa mambo yamelegea. Aliyepita kulia kwako kwa kawaida ana pointi chini ya nane, tuseme tano. Mfunguzi ana 16. Basi nyinyi wawili mna karibu 19. Ukiwa na nane, mwenzako ana 11 na alipita kwa sababu mkono wake ni sawia. Ingia kwa umbo lile lile lakini kwa pointi chache zaidi, na mwenzako asikurukie kwa furaha, kwa sababu pointi zake umeshazihesabu ulipoingia.

Tofauti na hapo, ukiwa wa pili, moja kwa moja baada ya mfunguzi, yule wa tatu bado hajasema kitu na anaweza kuwa na chochote. Hapo kaza masharti.

Kutangaza

Makubaliano si siri. Mezani, mwenzako akitaja 2 pau ya Landy, ni wewe unayewatahadharisha wapinzani na kueleza wakiuliza, yeye hajielezi. Mtandaoni, kwenye Bridge Base Online, ni kinyume: anayetaja ndiye anayejieleza mwenyewe, wapinzani wakaona, mwenzake asione. Na kwa tuliokulia kwenye karata za kukonyezana na kugusa sikio: briji haina hilo. Hata kusita muda mrefu kisha ukapita ni habari ambayo mwenzako haruhusiwi kuitumia. Anayezoea kukonyeza akiwa nyumbani atajikuta anakonyeza hata kwenye mashindano.

Zoezi

Kugawa karata kama kawaida mkisubiri 1BT ijitokeze ni kupoteza jioni. Chagueni karata 13 za mkono sawia wenye pointi 15 mpaka 17, mpeni mmoja, changanyeni 39 zilizobaki na kuwagawia wengine watatu. Sasa kila mgawo ni 1BT. Nadini tu, msicheze. Mkimaliza funueni mikono yote minne mezani, hesabuni turufu za kila upande, mwulizane nani angepaswa kuingia na hakuingia. Umeme ukikatika, taa ya chemli inatosha. Zoezi hili halihitaji simu wala bando. Anzeni bila mtu kuwa hatarini, kisha mwekeni anayeingilia hatarini kwa mikono ile ile, muone ni mingapi kati ya ile mliyoingia nayo bado mngethubutu kuitaja.